Si lazima uwe muziki wa klasiki

Wengi tumeambiwa kuwa muziki wa klasiki pekee ndio hutuliza mwili, mwingine ni kelele tu. Sivyo. Mwaka 2006 mtafiti wa Italia Luciano Bernardi na wenzake walichapisha utafiti wa watu 24 waliosikilizishwa vipande 6, rapu na tekno vikiwemo. Kilichotawala pumzi na mapigo ya moyo kilikuwa zaidi kasi ya mdundo kuliko aina ya muziki. Na kioja chenyewe: dakika 2 za kimya katikati zilishusha mapigo chini kuliko kabla ya muziki kuanza!

Jaribu: weka vidole kwenye kifundo cha mkono, wimbo wa taratibu ukipiga. Ukitoa pumzi polepole, utasikia mapigo yakilegea kidogo.