Alilala au alisinzia?

Swali hili hutufikia sana sisi wa upande wa lugha, hasa kutoka kwa wanaoandika taarifa. Dereva aliyeacha njia kwa kuzidiwa na usingizi, aandikwe alilala au alisinzia? Andika alisinzia. Kulala kwanza ni kuulaza mwili, na mtu aweza kulala kitandani mpaka kukakucha asipate hata lepe la usingizi. Kusinzia hakuhitaji kitanda. Kichwa huinama, hushtuka, huinama tena, na mwenyewe yungali ameketi, pengine ameshika usukani.

Usingizi wenyewe Kiswahili huutazama kama kitu kinachomjia mtu: humshika, humchukua, humpitia. Anayesema "nasikia usingizi" bado yu macho, ila macho yenyewe mazito. Anayesinzia amekwisha kuanza kushindwa. Akizama kabisa pasipo kukusudia, amepitiwa. Neno hilo nalo lina ujanja wake, kwani "samahani, nilipitiwa" huwa pia udhuru wa mtu aliyesahau tu. Kwenye maandishi rasmi ni heri kukamilisha: amepitiwa na usingizi.

Hospitalini tofauti hizi zina uzito zaidi. "Unalala vizuri?" na "Huwa unasinzia mchana?" ni maswali mawili. Mwenye tatizo la kukatikiwa na pumzi akiwa usingizini huweza kukaa kitandani muda wa saa 8 na bado akasinzia mchana kutwa, maana usingizi wake ulikatikakatika usiku bila yeye kujua. Akijibu "nalala sana" akanyamaza, daktari amekoseshwa dalili muhimu. Halafu kuna "dawa ya usingizi", ambayo kwa mmoja ni kidonge cha asiyepata usingizi na kwa mwingine ni nusukaputi ya upasuaji. Hapo taja unachokusudia.

Wanafunzi wa lugha huchanganya pia kusinzia na kusingizia. Hayana undugu wa maana: kusingizia ni kumbambikia mtu jambo asilolitenda, au kutoa kisingizio.

Kusinzia hutumika kwa mafumbo vilevile. Kusema "idara imesinzia" ni kuilaumu kwa uzembe. Kwa sababu hiyo, ukiandika kwamba mlinzi alisinzia kazini, eleza kama alikutwa amefumba macho au alizembea tu, kwa kuwa msomaji anaweza kuelewa lolote kati ya hayo.