Maikroplastiki ya baharini huanzia nchi kavu

Chukua kiroba cha sandarusi kilichokaa juani miezi kadhaa, kile kilichofungiwa ua au kilichojazwa mchanga wa kuzuia mmomonyoko, ukifikiche. Kinapukutika. Nyuzi zake bapa zinakatika kama majani makavu, na unga mweupe unabaki kiganjani. Hiyo ni maikroplastiki ikizaliwa mbele ya macho yako, na bahari bado iko mbali.

Maikroplastiki ni kipande chochote cha plastiki chenye ukubwa usiofika milimita 5. Jina hilo lilienea baada ya mwaka 2004, Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, na wenzake walipoonyesha kwamba mchanga na matope ya pwani za huko yamechanganyika na vipande na nyuzi ndogo mno za plastiki. Wengi wetu tukilisikia tunafikiria mfuko ulioelea baharini mpaka ukasagika. Njia hiyo ipo, lakini nyingine nyingi zinapita ndani ya nyumba zetu na barabarani, kupitia vitu tunavyovitumia kama vilivyokusudiwa kutumika.

Kwanza tutenganishe plastiki inayoingia majini ikiwa tayari ni ndogo na ile inayovunjika kutoka kwenye kitu kikubwa. Kwa ile ya kwanza, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, lilitoa makadirio mwaka 2017: tani milioni 1.5 hivi huingia baharini kila mwaka. Asilimia 35 ni nyuzi za nguo zinazofuliwa, asilimia 28 ni ulikaji wa matairi, na asilimia 24 ni vumbi la mijini, yaani soli za viatu, rangi za majengo, nyasi bandia na kadhalika. Alama zinazochorwa barabarani zinachukua asilimia 7, na rangi za vyombo vya baharini karibu 4. Vipodozi vyenye chembe za kusugulia, ambavyo vilipigiwa kelele nyingi na ambavyo Marekani ilivitungia sheria mwaka 2015, ni asilimia 2 tu. Hayo ni makadirio ya hesabu, na hayahusu chupa, mifuko na kandambili zinazovunjika baadaye. Kwenye miji ambayo taka nyingi hazizolewi, hilo kundi la pili halipaswi kusahauliwa hata kidogo.

Tuanze na nguo. Jezi ya mpira, sweta la akriliki, koti laini la mtumba na vitenge vingi vya bei nafuu vyote ni plastiki iliyosokotwa. Utafiti wa Plymouth uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kuwa kilo 6 za nguo za akriliki zinaweza kutoa nyuzi zaidi ya 700,000 kwa kufuliwa mara moja kwa mashine. Mitumba mingi haina lebo, lakini nguo yenyewe itakuambia. Chomoa uzi mmoja kwenye upindo, ushike kwa koleo na uusogeze kwenye moto. Pamba huungua na kuacha majivu yanayosagika. Poliesta huyeyuka, hujikunja na kuacha kidonge kigumu. Kanga ya pamba nayo hutoa nyuzi, ila za pamba huoza.

Kufua kwa mikono hutoa nyuzi pungufu kuliko mashine, mradi usisugue kwa brashi ngumu au kwenye ubao wa kufulia. Nguo mpya ndiyo inayotoa nyuzi nyingi zaidi mara chache za mwanzo. Kwa hiyo maji ya kwanza ya jezi mpya yachuje kwa kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa kubana, kilichokunjwa mara mbili, kisha yale manyoya yakikauka yatie kwenye taka ngumu. Ukiyasuuza kwenye mtaro umefanya kazi bure. Maji yenyewe yamwage kwenye udongo, mbali na kisima na mbali na mfereji. Nyuzi zilizopenya kwenye chujio zitabaki ardhini, na hilo nalo si jambo jema, lakini hazitapata njia ya mkato ya kwenda baharini. Mwenye mashine aijaze vizuri na atumie maji baridi na mzunguko mfupi, maana nguo chache kwenye maji mengi hupigika zaidi.

Matairi hayazungumzwi sana kwa sababu vumbi lake ni jeusi na halielei. Mpira wa tairi ni mchanganyiko wa mpira asilia, mpira wa viwandani na masizi, na ukisagika hushikana na mchanga wa barabara, ukawa mzito kuliko maji ya bahari. Ndiyo maana nyavu za watafiti zinazokokotwa juu ya maji huukosa. Tairi la gari dogo hupoteza kilo moja hivi au zaidi kabla halijawa kipara. Linachotoa tairi siyo mpira peke yake: mwaka 2020 watafiti wa Marekani walibaini kuwa kemikali inayotokana na kiungo cha matairi ndiyo iliyokuwa ikiua samaki aina ya salmoni kwenye vijito vya eneo la Seattle kila mvua iliponyesha. Upepo pungufu, mzigo uliozidi, magurudumu yasiyofanyiwa alaimenti na breki za ghafla huongeza ulikaji. Pima upepo tairi likiwa limepoa, kabla ya safari. Ukipima likiwa la moto, kipimo kitakudanganya kuwa upepo unatosha.

Vumbi hilo hutulia barabarani kiangazi chote, likisubiri mvua. Mvua ya kwanza ya vuli au masika ndiyo inayobeba shehena kubwa kwa mara moja. Mto Msimbazi unaikokota kutoka katikati ya Dar es Salaam mpaka baharini karibu na Daraja la Salenda. Mkazi wa Nairobi naye yumo: Mto Nairobi unaingia Athi, Athi unakuwa Galana, Galana unakuwa Sabaki, na Sabaki unamwaga kaskazini mwa Malindi. Mtaro ukizibuliwa wiki moja kabla ya mvua na taka yake ikaondolewa, shehena hiyo inapungua. Taka ikirundikwa pembeni mwa mtaro, mvua inairudisha ilikotoka.

Sasa vile vikubwa vinavyovunjika. Miale ya jua hukata minyororo ya molekuli zinazoiunda plastiki, na joto huharakisha kazi hiyo. Plastiki iliyo ndani ya maji hupozwa na kufunikwa na mwani na viumbe wadogo, hivyo huchelewa kuchakaa. Iliyotupwa juu ya mchanga mkavu hupata jua kamili, hupasuka uso, kisha bamvua, yaani maji yanapojaa kupita kawaida, huja kuisugua kwa mchanga. Kwa maneno mengine, ufuko ndio kinu kikuu cha kusagia, na hapo ndipo usafi wa fukwe unapokuwa na maana kubwa kuliko mandhari: kizibo kilichookotwa kikiwa kizima ni kitu kimoja, lakini kikisubiri mpaka kipasuke hakuna wa kukiokota. Pita siku moja baada ya bamvua, kwenye mstari wa juu kabisa ambako maji yalifika. Usivichome ulivyookota palepale. Plastiki iliyoungua nusu huacha vibonge na makombo yanayorudi majini, achilia mbali moshi wake.

Wavuvi na wakulima wa mwani wana sehemu yao. Kamba za nailoni na zile tai-tai za kufungia mwani huchanika nyuzinyuzi kwa kusuguana na mchanga, na zikikatwa wakati wa kuvuna nyingi huachwa zielee. Kuning'iniza mfuko kiunoni wa kutia vipande kunatosha kuziokoa. Mwenye boti ya faiba atandike turubai kabla ya kukwangua rangi. Uzito wa kundi hili unaonekana Aldabra, Shelisheli, kisiwa ambacho hakina mji wala soko: tani 25 za taka ziliondolewa huko mwaka 2019, na watafiti walikadiria kuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa taka za kisiwa hicho ni zana za uvuvi.

Ipo pia malighafi ya plastiki, punje za ukubwa wa dengu zinazosafirishwa kwenda viwandani. Meli X-Press Pearl ilipoungua na kuzama karibu na Colombo mwaka 2021, ilikuwa imebeba takribani tani 1,680 za punje hizo. Durban ilipata mkasa wa aina hiyo mwaka 2017, kontena zilipoangukia bandarini kwenye dhoruba. Kiwandani, punje zilizomwagika zifagiliwe zikiwa kavu. Ukizisafisha kwa maji ya bomba, yatazipeleka mtaroni.

Shule iliyo karibu na bahari inaweza kujionea. Pima mraba wa sentimita 50 kwa 50 kwenye mstari huohuo wa maji kujaa, chota mchanga wa juu kina cha sentimita 5, ukaushe, uchekeche kwa chekeche la milimita 5. Yeyusha gramu 350 za chumvi kwenye lita moja ya maji, mimina mchanga kidogo kidogo, koroga, uache saa moja. Plastiki nyingi zitaelea, ila vipande vya chupa za maji, ambavyo ni vizito zaidi, vitabaki chini pamoja na mchanga. Chuja maji ya juu kwa kitambaa cheupe cha pamba. Kosa linaloharibu majibu mara nyingi ni nyuzi za nguo za mpimaji mwenyewe, kwa hiyo weka sahani yenye karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji pembeni tangu mwanzo, na nyuzi zitakazotua humo uzipunguze kwenye hesabu. Andika tarehe na hali ya maji, kisha rudi palepale bamvua ijayo.