"Kuhifadhi" meli ya kale ni kufanya nini?

Bandarini Bukavu, kwenye Ziwa Kivu, bato (meli) kuukuu ikivutwa nchi kavu na kupigwa rangi, watu husema: "Wameihifadhi." Bado. Kuhifadhi meli ni kuzuia isioze zaidi, na kilichobaki cha asili kiachwe kilivyo. Rangi iliyopakwa juu ya kutu haizuii chochote. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo huvimba humohumo chini ya rangi, ikatanua maungio na kung'oa vichwa vya ribiti, zile pini za chuma zinazoshikanisha mabamba.

Neno limetoka Kiarabu, mzizi uleule wa hafidhi, mtu aliyeiweka Kurani yote moyoni. Hafidhi haongezi herufi wala hapunguzi. Kukarabati ni kazi nyingine: unakata bamba lililooza, unaweka jipya, meli irudi safarini. Ni kazi ya heshima, ila kila bamba jipya limeondoa moja la asili.

Liemba ya Ziwa Tanganyika imepitia yote mawili. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, Mjerumani aliyefika Kivu hapa mwaka 1894, ikaunganishwa Kigoma. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza walizipaka injini grisi nzito. Ilipoinuliwa mwaka 1924, injini zilikuwa bado zinafaa. Grisi ile ndiyo kuhifadhi. Miaka ya 1970 injini za mvuke zikatolewa, zikaingia za dizeli: huko ni kukarabati, na ndiko kulikoiwezesha kuendelea kubeba abiria.

Uamuzi huanza na kipimo. Unene wa mabamba hupimwa kwa mawimbi ya sauti, hasa kwenye mstari wa maji na ndani ya ngama, maji yanakotuama. Mengi yakiwa yamepoteza zaidi ya robo ya unene, kuiacha ikielea bila kuyabadilisha ni hatari. Kubandika bamba jipya juu ya bovu hunasa unyevu katikati, na kutu hula pande zote mbili. Inabaki kuiweka nchi kavu chini ya paa, ikiegemezwa kwenye mkuku wote (uti wake wa chini) na chini ya mataruma, yaani mbavu zake (magogo mawili matatu huikunja mgongo), au kuipima, kuichora, kuipiga picha kipande kwa kipande, kisha kuivunja.

Kwa hiyo, ndugu, iliyopata mabamba mapya na injini mpya, sema imekarabatiwa. Iliyovunjwa baada ya kuchorwa, sema michoro yake imehifadhiwa. Ile ya bandarini, kwa sasa, imepakwa rangi.