Jicho linapozama bila maumivu

Mama mmoja anayeuza ndizi soko la Mbuyuni, hapa Moshi, alikaa mbele yangu akasema, "Daktari, jicho langu la kushoto linaingia ndani." Haumwi, hana mafua, anaona vizuri. Alishapewa dawa ya matone mara tatu, na jirani alimtisha kuwa ni kiharusi kinamnyemelea.

Nilimwomba kitambulisho chake cha taifa. Pichani macho yake yalikuwa sawa. Nikasimama nyuma yake, akalaza kichwa nyuma, nikatazama kutokea juu ya paji la uso: jicho la kulia limetokeza, la kushoto limejificha. Kifaa cha kupimia kilionyesha tofauti ya milimita 3. Ikizidi 2, mimi siipuuzi.

Shida haikuwa jichoni. Ndani ya shavu, chini ya kila jicho, kuna sainasi, yaani uwazi mkubwa wenye hewa ndani ya mfupa, na dari yake ndiyo sakafu ya tundu la jicho, mfupa mwembamba kama ganda la yai. Hewa huingia humo kwa kitundu kidogo kutoka puani. Kikiziba, hewa iliyobaki hunyonywa taratibu na utando, ute unajaa, na kuta zinabonyea kama chupa ya maji ya plastiki mtoto anapoinyonya hewa. Dari inashuka, na jicho linashuka nayo. Ni ugonjwa adimu, wa watu wazima, mara nyingi wa miaka 30 hadi 50, na kwa kawaida hushika upande mmoja. Uliripotiwa mwaka 1964. Jina lake, sainasi ya kimya, likaja 1994. Kimya hicho ndicho kinachowachelewesha wagonjwa.

Sikukimbilia jina hilo. Niliuliza kama aliwahi kupigwa au kupata ajali, maana sakafu iliyovunjika nayo huzamisha jicho. Nikaangalia kama ni kope tu iliyolegea. Nikauliza pia kuhusu matiti, akashangaa. Saratani ya titi ikisambaa hadi nyuma ya jicho inaweza kulivuta ndani, kwa hiyo swali hilo siliachi kamwe.

CT scan ilimaliza ubishi: sainasi imejaa, imesinyaa, kuta zote zimepinda kwa ndani.

Tulimpasua kwa kupitia puani, kwa kamera nyembamba, bila kukata uso. Hapa mkono hauna haraka: kijifupa kinachofunika kile kitundu huwa kimevutwa hadi kugandamana na ukuta wa jicho, na ukikiondoa kwa pupa unaingia kwenye tundu la jicho. Nilikibandua kutoka nyuma kuja mbele, kidogo kidogo. Ute ulitoka mzito kama gundi.

Sakafu ya jicho hatukuigusa siku hiyo. Wapo madaktari wanaoijenga papo hapo; mimi husubiri karibu miezi 6, kwani hewa ikirudi, jicho mara nyingi hupanda lenyewe.

Aliporudi alikuwa na kitambulisho mkononi kabla sijakiomba. Tofauti ilikuwa milimita 1.