Je, wajua mwanga wa leza unavyosaidia kupima ugumu wa nyama za mwili?

Uvimbe wa saratani ya titi mara nyingi huwa mgumu kuliko nyama inayouzunguka, na ini lenye makovu hukakamaa. Ndiyo maana vidole vya daktari bado ni kipimo cha kwanza. Ila kidole hakifiki chini sana, wala hakitoi namba. Upigaji picha wa fotoakustiki, yaani wa kutumia mwanga na sauti pamoja, unaweza kutoa vyote viwili. Ajabu ni kwamba katika njia inayoelezwa hapa mwanga wenyewe haupimi ugumu. Kazi yake ni kuonyesha alama zilizomo ndani ya nyama. Ugumu hujulikana kwa kubonyeza.

Leza hupiga mmweko wa nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) 5 hadi 10, mara 10 au 20 kwa sekunde. Damu hufyonza mwanga huo, hupata joto kidogo sana, hutanuka ghafla na kutoa mlio. Joto likipanda kwa nyuzi 0.001 tu, shinikizo hupanda kwa paskali 800 hivi, na probu ya altrasaundi, kile kifaa kinachowekwa juu ya ngozi, hulisikia. Alexander Graham Bell ndiye aliyeligundua jambo hili mwaka 1880, akitumia mwanga wa jua uliokatwakatwa.

Katika tishu laini sauti husafiri milimita 1.54 kwa kila mikrosekunde (sehemu ya milioni ya sekunde). Hapa huja tu, haiendi na kurudi kama katika altrasaundi ya kawaida. Anayechukua programu ya altrasaundi bila kuibadilisha hupata kina kilicho nusu ya kina halisi, na kosa hili ni la kawaida mno kwa wanaoanza.

Sasa tuchukue mishipa miwili ya damu iliyopishana kwa kina cha milimita 10. Milio yao hufika ikipishana kwa mikrosekunde 6.49. Probu ikibonyezwa taratibu, nafasi kati ya mishipa hiyo hupungua hadi milimita 9.8, yaani imenywea kwa asilimia 2. Kando yake, kwa kina kilekile, kuna mishipa mingine iliyotoka milimita 10 hadi 9.95 tu, sawa na asilimia 0.5. Ikiwa sehemu zote mbili zimebeba mkandamizo sawa, yaani nguvu ileile kwa kila eneo, ya pili ni ngumu mara 4. Uzuri wake ni huu: unalinganisha kabla na baada, kwa hiyo hata kasi ya sauti ikikadiriwa vibaya kidogo, asilimia haiharibiki.

Tofauti hizo ni ndogo. Milimita 0.05 ni nanosekunde 32 tu, na mashine inayochukua vipimo 40,000,000 kwa sekunde huchukua kimoja kila nanosekunde 25. Hivyo hailengwi ncha moja ya mlio. Umbo zima la mawimbi ya kabla hutelezeshwa juu ya yale ya baada mpaka yakae sawasawa. Kwa sababu hiyohiyo usibonyeze kwa nguvu. Mnyweo ukipita asilimia chache, mawimbi hubadilika umbo na programu hushindwa kuyatambua. Baya zaidi, damu hukamuliwa kutoka kwenye mishipa midogo, na damu ndiyo alama yenyewe. Picha hufifia pale hasa ulipotaka kuona.

Lakini mara 4 ya nini? Ili kupata ugumu wenyewe kwa kilopaskali, lazima mkandamizo ujulikane. Huwekwa pedi angavu ya silikoni kati ya probu na ngozi, yenye ugumu uliopimwa kabla, tuseme kilopaskali 20. Pedi ikinywea asilimia 2, mkandamizo ni kilopaskali 0.4. Gawa kwa mnyweo wa nyama: sehemu laini hutoa kilopaskali 20, ngumu 80. Bila pedi, unachopata ni ulinganisho tu, na hata huo uuamini pale tu sehemu zilipo kina kimoja, maana mkandamizo hupungua kadiri unavyoshuka.

Ngozi nyeusi inahitaji uangalifu wake. Melanini, yaani rangi asili ya ngozi, hufyonza mwanga mapema, hivyo juu hutoka mlio mkubwa na chini hufika mwanga hafifu. Leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064, ambayo mwanga wake hauonekani kwa macho, hupunguza tatizo, kwa kuwa melanini huifyonza kidogo kuliko ile ya kijani ya 532. Kiwango cha usalama kwenye ngozi nacho hutofautiana: milijuli 20 kwa sentimita mraba kwa mwanga unaoonekana, 100 kwa 1064. Miwani ya kinga iwe iliyotengenezwa kuzuia urefu wa wimbi wa leza inayotumika. Ya leza nyingine huenda isikinge kitu.

Kabla ya kumgusa mtu, mfumo hujaribiwa kwa jeli. Yeyusha gelatini gramu 50 katika lita 1 ya maji ya nyuzi 50 hadi 60, na nyingine gramu 100 katika lita yake. Usiichemshe, itapoteza nguvu. Tia unga kidogo wa grafaiti uwe badala ya damu, koroga polepole kuepuka mapovu, subiri ianze kuwa nzito ndipo uimwage, la sivyo grafaiti yote itazama. Ilaze kwenye friji usiku mmoja. Ile ya gramu 100 itoke ngumu mara 3 hadi 4 kuliko ya 50. Ikitoka mara 2 tu, angalia kwanza kama vipande vyote viwili vina joto sawa, kwani gelatini iliyokaa mezani saa moja hulegea.