Hati safi haina maana kwamba hakuna kilichoibwa

Ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali nchini Tanzania, ikishafika bungeni, halmashauri zilizopata hati inayoridhisha (hati safi) huanza kupongezana, huku wananchi wanaoijua hali ya zahanati yao wakibaki kushangaa. Pande zote mbili zinaidai hati kitu isichokitoa.

Hati ni maoni juu ya taarifa za fedha: je, hesabu zilizofungwa Juni 30 zinaonyesha hali halisi? Mkaguzi hahakiki kila shilingi. Huweka kiwango cha uzito, yaani ukubwa wa kosa unaoweza kupotosha picha ya hesabu, kwa kawaida kati ya asilimia 0.5 na 2 ya matumizi yote. Tuseme halmashauri imetumia shilingi bilioni 40 na kiwango ni asilimia 1. Kasoro isiyofika milioni 400, kwa ukubwa wake pekee, haichafui hati. Wakusanyaji wakitafuna milioni 90 za ushuru, hati yaweza kubaki safi kabisa, na hizo milioni 90 utazikuta kwenye hoja, yaani kasoro ambazo mkaguzi huziandika na kutaka zijibiwe.

Kwenye hoja ndiko kwenye nyama. Chukua mapato ya ndani. Mkaguzi huvuta kwenye mfumo wa mapato makusanyo ya kila POS (mashine ya mkononi ya kukusanyia ushuru), kisha huyalinganisha na stakabadhi za benki, mkusanyaji kwa mkusanyaji, tarehe kwa tarehe. Fedha ilifika benki? Baada ya siku ngapi? Mashine ipi ilikaa wiki kadhaa bila kuonekana mtandaoni, ilhali mnada wa ng'ombe haukusimama? Hapo ndipo fedha mbichi huibuka: ushuru uliokusanywa na kutumika kabla ya kupelekwa benki. Utetezi wa kawaida ni kwamba gari halikuwa na mafuta na kazi ilikuwa ya dharura. Huenda ni kweli. Ila matumizi hayo hayana vocha ya malipo wala idhini, na hakuna awezaye kutenganisha lita zilizoingia kwenye gari na noti zilizoingia mfukoni.

Hoja hupelekwa kwanza kwa afisa masuuli, mtendaji anayewajibika kwa fedha (kwenye halmashauri ni mkurugenzi), ajibu, na wengi hujiangusha hapa. "Nyaraka zipo, zitawasilishwa" si jibu. Hoja hufungwa kwa kielelezo, nacho hukaguliwa: vocha ambayo namba yake imeruka mfuatano, risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) iliyotolewa miezi baada ya malipo, sahihi ya mtu aliyekuwa likizo. Nyaraka za kutengenezwa usiku wa kuamkia ukaguzi huzaa hoja mpya.

Ripoti ya mwaka humfikia Rais kabla ya Machi kwisha. Kwa Ibara ya 143 ya Katiba, Rais huagiza iwasilishwe kwenye kikao cha kwanza cha Bunge kinachofuata, kabla siku saba za kikao hazijapita. Asipofanya hivyo, CAG huipeleka mwenyewe kwa Spika. Kifungu hiki huwa hakizungumzwi sana, lakini ndicho kinachozuia ripoti kufungiwa kabatini.

CAG hakamati mtu, hashtaki, hafukuzi. Akiona dalili za jinai hujulisha vyombo vya uchunguzi kama TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, na DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) hupewa taarifa. Kuwahoji maafisa masuuli ni kazi ya kamati za Bunge: PAC (Hesabu za Serikali) kwa Serikali Kuu, LAAC (Hesabu za Serikali za Mitaa) kwa halmashauri. Kwa maoni yangu mnyororo hukatikia hapa, na sababu kubwa ni muda. Kamati inapokaa, mkurugenzi aliyesaini malipo mara nyingi ameshahamishwa. Anayetoa jasho mbele ya wabunge ni mgeni aliyekabidhiwa mafaili.

Kwa hiyo ukifungua ripoti ya halmashauri yako, ruka ukurasa wa hati, nenda kwenye jedwali la utekelezaji wa mapendekezo ya miaka ya nyuma. Pendekezo lililoandikwa "linaendelea kutekelezwa" miaka mitatu mfululizo halitekelezwi. Kagua pia yale yaliyoandikwa "yamepitwa na wakati", uone ni fedha kiasi gani zimeondoka nayo.