Kava limepona, kioo kimekufa: tunavyodanganyana kuhusu makava membamba ya simu

Wiki iliyopita mama mmoja anayeuza dagaa, mukene kama tunavyowaita huku, aliniletea simu yake ikiwa imefungwa ndani ya leso. Akaifungua taratibu kana kwamba ina maumivu. Kioo kilikuwa kimepasuka kuanzia kona ya chini hadi karibu na kamera ya mbele. Kava lenyewe, plastiki nyeusi ngumu inayong'aa, halikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

“Fundi, angalia. Kava halijaguswa. Basi hii simu ndiyo feki.”

Simu haikuwa feki. Kava lilipona kwa sababu lilikataa kazi. Pigo lilipofika lilipitishwa moja kwa moja, likapokelewa na kioo. Meza yangu iko Busia, upande wa Uganda, na maneno ya kuuzia makava hunifikia kutoka Kampala na kutoka Nairobi, yote yakiwa yameshatiwa chumvi njiani. Haya ndiyo ninayoyasikia zaidi, hasa kuhusu yale membamba ya bei nafuu ambayo ndiyo wengi wetu tunayanunua.

“Kava zuri ni gumu”

Mteja akitaka kujua kama kava ni imara huligonga kwa ukucha. Likilia ko ko ko, anatabasamu na kutoa pesa. Mimi hubonyeza kona kwa kidole gumba. Kona isipobonyea hata kidogo, nalirudisha kava kwenye ndoano.

Ni hesabu ya shule tu. Simu ikiponyoka kutoka mita 1.2, usawa wa kifua hivi, inafika chini ikiwa na mwendo wa karibu kilomita 17 kwa saa. Mwendo huo lazima uishe, na suala zima ni uishie ndani ya nafasi kiasi gani. Ukiishia ndani ya milimita moja, simu ya gramu 190 inabanwa kwa wastani na nguvu inayolingana na uzito wa kilo 228, yaani magunia mawili ya mahindi na ziada. Ukiishia ndani ya milimita mbili, nguvu hiyo inakatika nusu. Milimita moja! Muuza rolex, zile chapati za kukunjia mayai, analijua hili bila kalamu: mayai yake husafiri kwenye trei za karatasi laini, hayasafiri kwenye karai.

Plastiki ngumu, polikaboneti, ina faida yake. Haichubuki haraka na hukaa na sura nzuri muda mrefu. Lakini ikiwa peke yake ndiyo lile kava la mama wa dagaa. Kinachookoa ni kitu kinachobonyea: ile raba ya plastiki inayoandikwa TPU, au silikoni, au mchanganyiko wa mgongo mgumu na fremu laini kuzunguka simu. Nikiulizwa nachagua mchanganyiko. Silikoni tupu inashikika vizuri mkononi, ila inaokota vumbi na nyuzi za mfuko mpaka inatia aibu.

“Jembamba ni urembo tu”

Hapa kuna ukweli nusu. Kava jembamba kila mahali, kama ganda la kitunguu, linazuia mikwaruzo na basi. Wapo wateja wanaoyapenda hayo kwa sababu simu inaonekana kama iko uchi. Siwakatazi, nawaambia tu wakaze mkono.

Lakini pigo baya zaidi ni la kona, kwa kuwa nguvu yote inaingia kwenye eneo dogo kama ncha ya kidole. Kwa hiyo kava linaweza kuwa jembamba mgongoni na ubavuni, nyama yake ikawekwa kwenye kona nne. Ligeuze utazame kona kwa ndani. Zilizotengenezwa na mtu mwenye akili zina upenyo mdogo wa hewa kati ya raba na simu, ili raba ipate pa kukimbilia inapopigwa. Kava la aina hiyo la shilingi 10,000 za Uganda nitalichukua mbele ya tofali la plastiki la 40,000 linalovimbisha mfuko wa suruali. Katika hizo 30,000 za juu, mara nyingi unalipia jina, picha na sumaku.

Na hii michoro ya nyuzi za kaboni! Kwenye makava ya bei nafuu ni raba ileile iliyochorwa tu. Hata ukipata la nyuzi halisi za aramidi, jamii ya zile za fulana za kuzuia risasi, uimara wake ni wa kutokatika zikivutwa, na hilo halimaanishi zinabonyea. Simu yako haipigwi risasi, inapigwa na sakafu.

“Hili limepimwa kijeshi”

Nchini kwetu neno jeshi lina uzito, na Waganda wengi Kiswahili chenyewe walikisikia kwanza mdomoni mwa askari. Boksi likiandikwa kwamba kava ni la kiwango cha kijeshi, mjadala umekwisha. Kijana mmoja wa boda aliniapia kwamba kava lake lilijaribiwa vitani. Vita gani, hakujua.

Kiwango chenyewe kipo. Kinaitwa MIL-STD-810, ni cha Wizara ya Ulinzi ya Marekani, kilitoka mara ya kwanza mwaka 1962, na toleo la H ni la mwaka 2019. Ni kitabu kinene cha njia za kupima vifaa dhidi ya joto, vumbi, mtikisiko, kuvu na mengine mengi. Cheti si sehemu yake. Hakuna ofisi ya jeshi inayopokea makatoni ya makava na kuyagonga mhuri. Mtengenezaji hupima mwenyewe au hulipa maabara, kisha anaandika kwenye boksi.

Jaribio linalotajwa zaidi ni la kuangusha kifaa mara 26 kutoka sentimita 122: nyuso 6, kingo 12, kona 8. Likisikika hivyo unavutiwa, hata mimi nilivutiwa. Halafu ukisoma maelekezo unakuta mambo mawili ambayo boksi halikuambii. Kwanza, mara hizo 26 zinaruhusiwa kugawanywa kwa vifaa hadi vitano, kwa hiyo kila kimoja kinaweza kuonja sakafu mara tano au sita tu. Pili, sakafu yenyewe inaweza kuwa plaiwudi ya unene wa inchi mbili iliyolazwa juu ya zege. Nionyeshe plaiwudi Busia hii. Simu ninazopokea zimeangukia lami, simiti ya baa, murramu yenye kokoto, na moja ilidondokea pedali ya lori pale kwenye foleni ya forodha.

Sisemi maneno hayo ni uongo kila yanapoandikwa. Kava lililopimwa kweli kwa njia hiyo nalipa heshima yake. Ila wino wa boksi ni rahisi kuliko maabara, na kiwanda kisichoangusha hata simu moja kinaweza kuchapa maneno yaleyale kwa herufi kubwa zaidi. Ndiyo maana siku hizi sisomi boksi, nabonyeza kona.

“Mradi lina mdomo, kioo kiko salama”

Mdomo ni ule ukingo ulioinuka kuzunguka kioo, unaofanya simu ikilazwa kifudifudi isiguse meza. Unatosha? Chukua kadi ya benki. Iwe ya Kampala au ya Nairobi, unene wake ni milimita 0.76, ni kipimo cha dunia nzima. Ilaze juu ya kioo, isogeze mpaka iguse mdomo wa kava, kisha pitisha kidole kutoka kwenye kadi kuelekea kava. Kidole kikikwama kwenye ukingo wa kava, mdomo ni mrefu kuliko kadi, nunua. Kidole kikishuka kama kinateremka ngazi, mdomo ni mfupi, jadili bei au ondoka.

Fanya kipimo hicho protekta ikiwa imeshabandikwa. Za kioo nyingi zina unene wa karibu milimita 0.33, na zote zinaula mdomo. Nimeona makava ambayo bila protekta yanafaa, ukibandika tu, kioo kinakuwa juu ya kava. Pia zungusha kidole pande zote nne, kwa sababu baadhi ya makava membamba yana mdomo kwenye kona tu na ubavuni hayana kitu. Upande wa nyuma, kamera nazo ziwe zimezama ndani ya fremu yake.

Na hata mdomo bora una mpaka. Unafanya kazi kwenye kitu bapa. Jiwe la ukubwa wa punje ya harage linaingia katikati ya kioo bila kuuliza mdomo uko wapi, ndiyo sababu kwa anayetembea kwenye murramu nasema kava na protekta, vyote viwili.

“Inaingia tu, bosi”

Hili nalikiri kwa aibu, maana nimelisema mwenyewe. Majina ya simu yanafanana: Tecno peke yake ina Spark 10, Spark 10C na Spark 10 Pro, na kila moja ina umbo na matundu yake. Mwaka wangu wa kwanza wa biashara nilimuuzia mzee mmoja kava la simu jirani ya yake. Lilibana kidogo, nikalisukuma likaingia.

Baada ya siku tatu akarudi. Simu inajizima na kujiwasha, usiku zaidi. Mkewe alikuwa ameshaipeleka kuombewa. Nikaitoa kava ili niifungue simu, na simu ikatulia mkononi mwangu kama mtoto aliyeshiba. Raba ya ubavuni ilikuwa inabana kitufe cha kuwashia mfululizo, na usiku simu ililala chini ya mto ikabanwa zaidi. Nilimrudishia mzee pesa zake. Alichomwambia mkewe sikukiuliza.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, bonyeza kila kitufe kupitia kava, chomeka chaji, chomeka earphone, kisha piga picha moja yenye flashi ukiwa mahali penye giza. Picha ikitoka na ukungu mweupe, tundu la kamera si lake, mwanga unapiga kava na kurudi. Litikise pia. Kava linalolegea huachia simu hewani kabla haijafika chini.

“Kava ndilo linalochemsha simu”

Kava halizalishi joto, linachelewesha tu joto la simu kutoka. Simu ikichemka wakati wa kuchaji, ivue, ichaji ikiwa uchi, basi. Apple, kwa mfano, inataka iPhone itumike penye nyuzi 0 hadi 35, na usukani wa boda saa nane mchana, jua likipiga kioo na ramani ikiwa wazi, ni habari nyingine kabisa. Hapo adui ni jua, na betri ndiyo inayozeeka. Vijana wa boda pia wajue kwamba mwaka 2021 Apple ilitoa tahadhari: mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaopanda kupitia usukani unaweza kudhoofisha kamera zenye kifaa cha kutuliza picha. Kava, liwe jembamba au nene, si dawa ya hilo.

“Ukishalivisha, usilivue”

Livue. Kila wiki, ikiwa unaishi penye vumbi. Mchanga una chembe za kwazi, ambazo ni ngumu kuliko kioo cha simu, na zikinaswa kati ya kava na mgongo wa simu zinasaga polepole kila unapotembea. Nimefungua simu za mwaka mmoja ambazo hazijawahi kuanguka, mgongo wake umekwaruzwa kwa umbo lilelile la kava. Maji na sabuni kidogo kwa kava, kitambaa kikavu kwa simu, dakika mbili zinatosha.

Mengine ni ya kupita. Kava la plastiki au raba haliui mtandao. La chuma ndilo linaloweza kuuzuia. Mwaka 2010 mambo yalikuwa hata kinyume: iPhone 4 ilipopoteza mtandao kwa sababu ya vidole kugusa antena ya ubavuni, Apple iligawa makava bure ili vidole visiiguse. Na kava la kawaida halizuii maji, hata likibana vipi. Mvua ikianza, weka simu kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki.

“Likigeuka njano, lisugue kwa dawa ya meno”

Umanjano wa kava angavu si uchafu. Raba yenyewe inabadilika ndani kwa mwanga wa jua na joto, na huwezi kusugua kitu kilicho ndani. Dawa ya meno itaondoa mafuta ya mikono juu juu, lirudi kung'aa kwa siku mbili, umanjano uko palepale. Rangi hiyo haipunguzi kinga. La kutazama ni kona: zikikakamaa, zikianza nyufa au zikilegea mpaka simu inacheza ndani, hapo nunua jingine. Langu lina rangi ya chai ya maziwa sasa, wateja wananicheka, na kona zake bado zinabonyea.